Shehena, Upepo na Hisabu: Majibu kwa Wachezaji wa Anno 1800

Anno 1800, mchezo wa kujenga miji uliotungwa na Blue Byte wa Mainz, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2019, umeniletea barua nyingi kuhusu njia za biashara baina ya visiwa. Nimechagua zile zinazonitia wasiwasi, pamoja na zile zilizozaliwa na uvumi. Namna ya kuipa meli bandari mbili sitaieleza, maana mchezo wenyewe huieleza vya kutosha.

Mwalimu, mafundi wangu wa Dunia Kongwe hawaishi kulalamika kwamba ramu imekwisha. Niliongeza meli ya pili, kisha ya tatu. Je, niongeze ya nne?

La. Barua hii naijibu pamoja na nyingine za namna yake, za kahawa na za kitambaa cha pamba kiendacho kushonwa makoti ya manyoya, kwa sababu dhana iliyozipotosha ni moja, nayo ni kwamba meli ikiongezeka bidhaa nayo huongezeka. Meli haizai ramu. Kiwanda kimoja cha ramu, ilimradi kinapata miwa na mbao bila kukatizwa, hutoa tani moja kila sekunde 30, yaani tani 2 kwa dakika. Basi mwenye viwanda vinne ana tani 8 kwa dakika, wala hataiona ya tisa hata akijaza marikebu bahari nzima.

Tuchukue kwamba safari ya kwenda na kurudi ni dakika 25. Kwa muda huo ghala la Dunia Mpya, ambako ramu hutengenezwa, limepokea tani 200. Nafasi moja ya shehena hubeba tani 50, na marikebu ya matanga iitwayo klipa ina nafasi nne. Kwa hiyo klipa moja inaichukua ramu yote. Ukitia ya pili, kila moja itasafiri nusu tupu, ilhali gharama ya matunzo inakatwa kwa zote mbili kila dakika.

Kabla ya kwenda kwenye karakana ya meli, ndugu yangu, nenda ukalitazame ghala la kule ramu itokako, wakati ule ule meli inapong'oa nanga. Likibaki limejaa, umepungukiwa na meli. Likibaki tupu na meli haikujaa, umepungukiwa na viwanda, au mashamba ya miwa hayavitoshi, au wafanyakazi ni haba. Nasikitika kuona watu wakifilisika kwa kununua meli, ilhali jawabu lilikuwa shamba moja la miwa.

Liko jambo moja tu ambalo meli ya pili hulifaa hata pale ramu isipoongezeka. Mji unaokunywa tani 8 kwa dakika sharti uwe na akiba ya tani 200 ili uvuke dakika 25 bila ukame. Na ghala lako likiwa na nafasi ya tani 100 tu, nusu ya shehena itabaki melini na mji utakauka kabla ya safari ya pili. Hapo ama panua ghala, ama ziachanishe meli mbili ili moja ifike kila baada ya dakika 12 na nusu. Mimi hupanua ghala kwanza.

Meli yangu hupeleka bia na cherehani kwa Obreros, wakazi wa Dunia Mpya, na kurudi na ramu, lakini siku hizi hurudi na ramu kidogo mno ingawa imejaa tele huko. Je, mchezo una hitilafu?

Hitilafu imo katika mpango wako. Ghala la Obreros limejaa bia, meli ikashusha kiasi na kubaki na tani chache, na tani hizo chache zinaikalia nafasi uliyoitarajia kwa ramu. Zitenge nafasi: za bia ziwe za bia, za ramu ziwe za ramu, au, bora zaidi, kila bidhaa iwe na meli yake.

Wako wanaoshauri kuamuru mabaki yamwagwe baharini, na ushauri huo umeenea mno. Siuridhii hata kidogo. Kila tani inayomwagwa ina shamba, kiwanda na wafanyakazi nyuma yake, na anayemwaga hatajua kamwe kwamba anatengeneza bia nyingi kuliko inavyohitajika. Simamisha kiwanda kimoja.

Je, gati la kusafirisha wafanyakazi laweza kuwapeleka kutoka Dunia Kongwe hadi Dunia Mpya?

Haliwezi, huunganisha visiwa vya eneo moja tu.

Nimeuziwa programu ya kuzipa meli mwendo mara kumi, nikaambiwa kwanza nizime kinga ya virusi.

Aliyekuambia hivyo ni mwizi. Ifute leo, kisha ubadilishe maneno yako ya siri.

Twasikia kwamba mchezo huzipunguzia mwendo meli za mchezaji tajiri. Ndiyo sababu safari zangu hazilingani?

Uvumi mtupu. Anayejua kaskazi na kusi hakupaswa kuuliza: marikebu za matanga hufuata upepo, na katika mchezo huu upepo hugeuka, tena marikebu iliyosheheni huenda pole kuliko iliyo tupu. Meli za mvuke haziujali upepo. Maadamu hujazipata, pima safari zako mara kadhaa, kisha ufanye hisabu kwa ile iliyochukua muda mrefu kuliko zote, si kwa ile iliyokufurahisha.

Maharamia wa Anne Harlow wamezamisha meli yangu ya tatu. Nifanyeje?

Baada ya ile ya kwanza ulipaswa kufanya mojawapo ya mawili: kuitengeneza heshima yako kwake hata akubali mkataba wa amani, au kuzipa meli za mizigo manowari za kuzisindikiza. Kuipeleka meli nyingine peke yake katika maji yale yale ni uzembe. Kumbuka pia kwamba Dunia Mpya ina haramia wake, Jean La Fortune, na amani ya mmoja haimfungi mwenziwe.

Meli sita zangoja nje ya bandari yangu kubwa.

Jenga magati zaidi, maana kila moja huipokea meli yake. Foleni ikiendelea, zihesabu zile meli za ramu ulizoziongeza.