Kioo Kiazimacho Nuru ya Jua

Saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, mtu atokaye nje na simu mkononi hufanya mambo mawili bila kufikiri: huinama, kisha huikinga simu kwa kiganja chake. Hukikodolea macho kioo chake, hukigeuza huku na huku, na mwisho hutafuta kivuli cha mwembe apate kusoma habari aliyoletewa. Lakini mzee aliyeketi karibu naye, mwenye gazeti juu ya magoti, husoma wala hana taabu. Jua lile lile limfichalo kijana maandishi yake ndilo limwangazialo mzee ya kwake. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu ni hii: viko vitu vionekanavyo kwa mwanga wao wenyewe, na viko vitu vionekanavyo kwa mwanga wa kuazima. Moto, taa na nyota vina mwanga wao. Karatasi, mwezi, na ukuta uliopakwa chokaa havina. Hupokea mwanga wa kitu kingine na kuurudisha katika macho ya atazamaye. Kibatari kikiwashwa usiku chaonekana kutoka mbali. Kikiwashwa adhuhuri katikati ya uwanja, mtu aliye hatua kumi hajui kama chawaka au kimezimika. Mwanga wa kibatari haukupungua hata kidogo, ila jua limeushinda. Nyota nazo ni vivyo hivyo: mchana zipo mbinguni mahali pake, walakini hakuna azionaye. Karatasi ina tabia nyingine kabisa. Kadiri jua lizidivyo kuwaka, ndivyo karatasi izidivyo kung'aa, kwa maana mali yake yote ni ya kuazima, na mkopeshaji wake ni tajiri mno.

Simu nyingi, kompyuta za kuchukuliwa mkononi na vishikwambi ni wa ukoo wa kibatari. Hung'aa kwa taa iliyomo ndani. Wataalamu wamepima jambo hili, nao waona kwamba karatasi nyeupe iliyowekwa juani saa sita hung'aa kadiri ya mara 100 kupita kioo cha kompyuta ya kawaida. Tena kioo laini hurudisha kama sehemu 4 katika 100 za mwanga ukiangukiao, hata msomaji akaona uso wake mwenyewe na mawingu yaliyo nyuma yake mahali pale alipotaka kuona maneno. Watengenezaji wengi walitaka kuponya ugonjwa huu kwa kuongeza ukali wa taa. Dawa hiyo yafaa kidogo, lakini ni ya gharama: umeme huliwa upesi, kifaa hupata moto, na betri huisha kabla ya magharibi. Mtu aliye na umeme nyumbani hawezi kuona uzito wa jambo hili. Aliye mbali na nguzo za umeme huuona kila siku, maana kujaza betri kwake ni safari, na pengine ni fedha.

Iko dawa ya pili, nayo ni kukitoa kioo katika ukoo wa kibatari na kukitia katika ukoo wa karatasi. Ili kufahamu jinsi iwezekanavyo, ni lazima kwanza kujua kioo kina nini ndani yake.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, jina lake Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza kitu kilichotokana na karoti. Alipokipasha moto hata digrii 145 na nusu, kikayeyuka, lakini kikawa na ukungu kama maziwa. Akazidisha moto hata digrii 178 na nusu, ndipo kikawa maangavu kama maji. Reinitzer akastaajabu sana, kwa kuwa ni desturi ya vitu kuyeyuka mara moja, wala si mara mbili. Kitu kile kilikuwa kati ya jiwe na maji. Chembe zake zilitiririka, lakini zilikaa zimeelekea upande mmoja, kama askari walio mstarini. Vitu vya namna hii vikaitwa fuwele za majimaji.

Miaka mingi ilipita kabla watu hawajaona kazi ya kuvifanyia. Baadaye ikajulikana ya kuwa umeme kidogo sana waweza kuwageuza askari hao. Fuwele hizo zikitiwa kati ya vioo viwili, na juu ya vioo zikibandikwa karatasi nyembamba zenye kuchuja mwanga, chembe zikigeuka njia ya mwanga hufunguka, zikigeuka tena hufungika. Mwanafunzi na aangalie neno hili: fuwele hazitoi mwanga. Ni bawabu tu asimamaye mlangoni, kumpitisha huyu na kumzuia yule.

Katika kompyuta ya kawaida mwanga hutoka katika taa iliyo nyuma ya bawabu. Ni taa yenye hasara kubwa, kwani chujio la kwanza hunywa nusu ya mwanga, na machujio ya rangi hunywa sehemu nyingine nyingi, hata zaidi ya sehemu 9 katika 10 hupotea njiani kabla ya kufika katika jicho la mtu. Lakini itazame mashine ndogo ya kuhesabia, au saa ya mkononi ionyeshayo tarakimu. Hizo hazihitaji taa. Nyuma ya fuwele mna bamba lirudishalo mwanga, na mwanga wa nje huingia, hupiga bamba, hurudi. Bawabu afungapo njia, mahali hapo huonekana peusi. Ipeleke mashine ya kuhesabia juani, nayo itasomeka vema kuliko ndani ya nyumba. Iingize gizani, haitaonekana kabisa. Betri yake ndogo kama kifungo cha shati hudumu miaka.

Basi, elimu hii ilikuwako zamani. Ila ilikaa hasa katika vyombo kama saa na mashine za hesabu, kwa sababu vioo hivyo vidogo havikuweza kuonyesha ukurasa mzima wa kitabu wenye herufi ndogo na picha. Ikahitajiwa haja kubwa ya kuitoa huko.

Haja hiyo ilitokea mwaka 2005. Nicholas Negroponte, mwalimu katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza shauri la kumpa kila mtoto wa nchi maskini kompyuta yake mwenyewe, ya bei ya dola 100. Mwezi wa Novemba mwaka huo mfano wake ulionyeshwa mbele ya mkutano mkubwa katika mji wa Tunis. Ilikuwa kompyuta ya kijani, nayo ilikuwa na mkono wa manjano wa kuzungushwa, ili mtoto asiye na umeme ajitengenezee umeme kwa nguvu zake. Kofi Annan wa Ghana, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaushika mkono ule kuuzungusha, nao ukang'oka mkononi mwake.

Watu walicheka, na mkono ule haukuwekwa tena katika kompyuta zilizotengenezwa baadaye. Lakini shida yenyewe haikung'oka pamoja nao. Mkono wa mtoto hutoa umeme mchache tu, na kompyuta za siku zile zilikula umeme mwingi, hasa kwa ajili ya taa ya kioo. Tena watoto wengi waliokusudiwa walisoma chini ya miti, au katika vyumba vyenye madirisha wazi, penye jua tele. Ikadhihirika ya kuwa kompyuta nzima yategemea kioo. Kioo kikiwa na ulafi, au kisipoonekana juani, kazi yote ni bure.

Kazi hiyo ikamwangukia Mary Lou Jepsen, mhandisi mwanamke aliyesomea elimu ya nuru. Hakubuni kiwanda kipya, maana kiwanda kipya ni fedha nyingi na miaka mingi. Alitaka kioo kiwezacho kutengenezwa katika viwanda vile vile vya Taiwan vilivyokuwa vikifanya vioo vya kawaida. Alikigawanya kila kitone cha picha sehemu mbili. Sehemu moja, iliyo ndogo, ina dirisha la kupitisha mwanga wa taa ya nyuma, nayo ina rangi. Sehemu ya pili ina bamba lirudishalo mwanga wa jua, nayo haina rangi. Usiku mtoto huwasha taa, akaona picha za rangi. Mchana huizima, jua likafanya kazi ya taa, na maandishi yakasimama meusi juu ya weupe.

Pengine mtu atauliza kwa nini juani pasiwe na rangi. Ni kwa sababu chujio la rangi ni mnywaji mkubwa: chujio jekundu hunywa kijani na buluu, na hivyo theluthi mbili ya mwanga hupotea. Mwanga wa jua nao ungelipaswa kupita humo mara mbili, kuingia na kutoka. Jepsen akachagua maandishi safi kuliko picha ya rangi iliyofifia. Kwa kuwa kila kitone kilikuwa huru pasipo rangi, maandishi ya juani yalikuwa makali sana, vitone 1,200 kwa upana na 900 kwa urefu, katika kioo cha inchi 7 na nusu.

Tena lilifanyika jambo jingine la akili. Picha ya kioo cha kompyuta sharti iandikwe upya mara nyingi katika kila sekunde, hata kama msomaji ametulia juu ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo kompyuta hukesha bure mtu asomapo. Katika kompyuta hii kiliwekwa chombo kidogo cha kuishika picha, na ubongo wa kompyuta ukaachwa ulale mpaka mtoto abonyeze kitufe. Matokeo yake ni haya: taa ikiwaka, kioo kilikula hata wati 1, taa ikizimwa, kilikula sehemu moja tu ya kumi ya wati. Mtoto aliyesoma juani saa 10 alitumia kwa kioo chake umeme ambao balbu ya wati 10 huutumia kwa dakika 6.

Kompyuta hiyo iliitwa XO. Viwanda vilianza kuitoa kwa wingi mwezi wa Novemba 2007. Bei haikuwa dola 100. Ilikuwa kama dola 188. Uruguay ilimpa kila mwanafunzi wa shule za msingi za serikali ya kwake, ikamaliza kazi hiyo mwaka 2009. Rwanda ilipata zaidi ya 200,000. Peru ndiyo iliyonunua nyingi kuliko nchi zote, na huko uchunguzi ukafanywa katika shule 319 za mashambani. Habari zake zilipotolewa mwaka 2012, ilionekana kwamba baada ya miezi 15 watoto wenye kompyuta hawakuwapita wenzao katika hesabu wala katika lugha, ingawa walikuwa na nafuu kidogo katika mitihani ya kupima akili. Wengi wakaishutumu XO. Shutuma hizo zilikuwa na haki kwa upande wa wale waliodhani kompyuta yaweza kushika mahali pa mwalimu. Kwa kioo hazikuwa na haki, kwani kazi ya kioo ilikuwa kuonekana, nacho kilionekana.

Mwezi ule ule wa Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilianza kuuza Kindle, chombo cha kusomea vitabu, ambacho kioo chake kilifuata njia nyingine. Hiki hakina fuwele. Kina vifuko vidogo sana, upana wa kila kimoja kama unywele, na ndani yake mna maji maangavu, na chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme ukivuta upande huu, nyeupe hupanda juu na nyeusi huzama. Ukigeuzwa, nyeusi hupanda. Wino huu wa umeme ulitokana na kazi ya Joseph Jacobson na wanafunzi wake wa MIT, na kampuni yake, E Ink, iliundwa mwaka 1997. Uzuri wake ni kwamba chembe zikiisha kupanda hukaa papo hapo bila kula umeme. Ukurasa hubaki hata betri ikitolewa. Ubaya wake ni uzito wa kugeuka: kurasa hubadilika polepole, na picha za kutembea hukishinda. Kwa kusoma kitabu si kasoro kubwa, ila kwa kazi nyingine za kompyuta chachosha.

Jepsen alitoka katika kazi ya XO, na mwaka 2008 akaanzisha kampuni yake, Pixel Qi, ili vioo vya namna ile viingie katika vifaa vya watu wote. Kishikwambi kimoja cha India kilichoitwa Adam kilitoka mwaka 2011, na baadhi yake vilikuwa na kioo hicho. Lakini Pixel Qi haikudumu. Wanunuzi wengi huchagua kifaa wakiwa ndani ya duka, chini ya taa, na humo kioo chenye rangi kali hukishinda kioo cha jua. Dukani hakuna saa sita ya mchana.

Hata hivyo shauri lenyewe halikufa. Mwezi wa Mei 2024 kampuni ya Daylight, ya San Francisco, ilitoa kishikwambi kiitwacho DC-1, ambacho kioo chake ni cha fuwele za majimaji na hutumia mwanga wa nje. Hugeuza picha upesi, tofauti na wino wa umeme, na kwa usiku kimewekewa taa ya rangi ya kaharabu. Kilikusudiwa watu wazima waliochoshwa na vioo vya kung'aa, watakao kufanya kazi nje ya nyumba. Kilipotoka kiliuzwa kwa dola 729, karibu mara nne ya ile XO ya watoto. Rangi hakina, kikipelekwa juani huonyesha nyeusi na nyeupe tu, kama ilivyokuwa XO.