NDEGE INAPOTEMBEA CHINI

Wenzetu wa Masoko, wengi wetu tunadhani hatari ya ndege iko juu tu. Lakini ndege hugongana hata ardhini, kabla ya kuruka au baada ya kutua.

Ndege ndogo ikiwa chini hutembea kwa magurudumu, na rubani huiongoza hasa kwa miguu. Mabawa ni mapana. Ndege moja ndogo ya watu wanne huchukua kama mita 11 toka ncha hadi ncha. Basi likirudi nyuma pale stendi ya Tukuyu, konda hushuka na kupiga kelele, "Njoo, njoo, simama!" Rubani naye huhitaji mtu wa kumwonyesha kwa mikono, maana ncha ya bawa ni rahisi kuikosea. Bawa likigusa banda au ndege nyingine, ndege hiyo hairuki mpaka fundi aikague. Kama ilikuwa imfuate mgonjwa, mgonjwa atangoje.

Kubwa zaidi ni kupotea njia. Sisi wa Rungwe tunaujua ukungu: asubuhi nyingine hata mgomba wa jirani huuoni. Huko Milano, nchini Italia, tarehe 8 Oktoba 2001, kulikuwa na ukungu wa namna hiyo katika uwanja wa Linate. Ndege ndogo yenye watu 4 iliambiwa ipite njia ya R5. Ikashika R6. Alama za njia hazikuwa nzuri, na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini haikuwapo kazini. Rubani akataja kwa redio alama aliyoifikia, S4. Mwongozaji wa mnarani hakuitambua alama hiyo, wala hakuuliza iko wapi. Akairuhusu ndege iendelee. Ikaingia katika njia ya kurukia, na ndege kubwa yenye watu 110 ilikuwa inakuja mbio kuruka. Wote wakafa, pamoja na wafanyakazi 4 waliokuwa katika banda la mizigo. Jumla watu 118.

Kwa maoni yetu, swali moja tu, "Hiyo S4 iko wapi?", lingeweza kuwaokoa.

Ndiyo maana rubani hutakiwa kuyarudia maneno ya mnara, kama mtoto anayetumwa dukani. Hata hivyo kurudia si kuelewa. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, rubani wa ndege ya walinzi wa pwani aliambiwa asogee mpaka mahali pa kusubiri. Akarudia vizuri, kisha akaingia njiani akidhani ameruhusiwa. Ndege iliyokuwa inatua ikamgonga. Watu wote 379 wa ndege hiyo walitoka salama. Katika ile ya walinzi, kati ya watu 6 walikufa 5.

Jadilianeni darasani: Ni nani kijijini kwetu hupewa maagizo kwa mdomo katika kazi ya hatari? Huyarudia? Na aliyeagiza husikiliza?