Pedeli Zimeshika Kutu? Zilegeze Kabla Hujaitangaza Baiskeli

Wauzaji wenzangu, somo la leo ni la sisi tunaouza baiskeli za zamani mtandaoni: Raleigh za Uingereza, Phoenix za China na nyinginezo. Ukipata mteja wa mkoani, baiskeli inaingia kwenye boksi au kwenye buti la basi, na pedeli inabidi zitoke. Zikibaki zinatoboa boksi na kukwaruza mizigo ya watu. Sasa pedeli imekaa miaka 40 bila kuguswa, imeng'ang'ania krenki (ule mkono unaoishika) kama imechomelewa. Mteja ameshalipa, basi linaondoka jioni, na wewe ndiyo kwanza unatafuta nyundo.

Kanuni yangu ni moja: pedeli nalegeza siku ninayonunua baiskeli, siyo siku ninayouza. Kutu haitaki haraka. Ukilazimisha unakula nyuzi za krenki, na krenki ya asili ikiharibika, mnunuzi anayejua vitu anashusha bei au anaondoka.

Fuata hatua hizi:

1. Jua upande wa kufungua. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida. Ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, ili isijifungue yenyewe mtu akiendesha. Wengi hapa wanakaza wakidhani wanafungua. Njia rahisi ya kukumbuka: ishike ekseli ya pedeli kwa spana, mpini ukiwa umeelekea juu. Kufungua, mpini unaenda nyuma, kwenye tairi la nyuma. Pande zote mbili ni hivyo hivyo.

2. Tumia spana inayokaa sawasawa. Nyingi ni namba 15, ila baadhi ya za zamani vipimo vyake ni vya inchi, kwa hiyo jaribu kwanza. Spana ikicheza, iache. Praya usiiguse kabisa, itamung'unya kingo za ekseli na hapo umejifungia mlango.

3. Mafuta, halafu subira. Safisha uchafu kwa brashi ya waya. Weka mafuta ya kulegeza kutu pale ekseli inapoingia kwenye krenki, na kwa upande wa ndani pia, maana kwenye krenki nyingi tundu limetoboka hadi huko. Laza baiskeli ubavu ili mafuta yashuke ndani. Acha usiku mzima, kesho ongeza tena. Zilizogoma sana mimi huzipa siku tatu.

4. Ongeza urefu wa mpini. Chomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mpini wa spana. Msaidizi aishike baiskeli pamoja na krenki ya upande wa pili isizunguke. Anza kwa kukaza kidogo sana, halafu ndiyo ufungue. Huko kukaza kidogo mara nyingi ndiko kunakovunja kutu. Angalia mkono wako: pedeli ikiachia ghafla, vidole vinaishia kwenye meno ya gia.

5. Bado imegoma? Tumia joto. Futa mafuta yote kwanza, yasije yakashika moto. Mwagia krenki maji yanayochemka, siyo ekseli ya pedeli, kwa sababu tunataka krenki itanuke na ekseli ibaki ilivyo. Kisha jaribu haraka kabla haijapoa. Moto wa gesi mwachie fundi: unababua nikeli na kuyeyusha pedeli za mpira.

6. Mwisho kabisa, jiriwa. Fundi atoe krenki kwenye baiskeli, abane ekseli ya pedeli kwenye jiriwa, halafu azungushe krenki yenyewe. Krenki inakuwa mpini mrefu na nguvu yote inaenda panapotakiwa. Kwenye baiskeli nyingi za zamani krenki imefungwa kwa pini ya kabari. Usiigonge pini hiyo bila kuirudishia nati yake hadi usawa wa ncha, la sivyo utaponda nyuzi zake.

Zikishatoka, kazi ya muuzaji haijaisha. Safisha nyuzi, paka grisi, zirudishe kwa vidole kwanza, na spana iwe ya kumalizia tu. Sasa hata ukiuza baada ya miezi miwili, dakika tano zinatosha kufunga mzigo.

Siku ya kutuma, funga kila pedeli kwenye gazeti na uandike KULIA na KUSHOTO. Pedeli nyingi zina alama kwenye ekseli: R ni kulia, L ni kushoto. Mtumie mteja video fupi ya jinsi ya kuzifunga. Akizibadilisha na kulazimisha, krenki inakufa mikononi mwake, na lawama zinarudi kwako.

Na kama pedeli imegoma kabisa, usifiche. Andika kwenye tangazo: "Pedeli ya kushoto haitoki, baiskeli inasafirishwa ikiwa nzima." Kisha uliza nauli ya mzigo wa namna hiyo kabla hujataja bei. Nauli ikizidi baada ya kupatana, hiyo tofauti inatoka kwenye faida yako.

Ukinunua baiskeli leo, weka mafuta leo.