Tokeni Zimekwama, Lakini Pesa Inatumwa: Kwa Nini?

Saa mbili usiku, stima imeisha. Unafungua apu, unanunua tokeni za shilingi 500, halafu duara linazunguka tu. Tokeni haziji. Lakini ukimtumia mama pesa, inaenda mara moja. Apu ni moja, mbona upande mmoja umekwama na mwingine uko sawa?

Fikiria ploti ya nyumba za kupanga. Kama nyumba zote zinategemea fyuzi moja, jirani akiiunguza kwa pasi yake, ploti nzima inalala giza. Kila nyumba ikiwa na fyuzi yake, giza linabaki kwa huyo jirani.

Apu yetu tumeijenga hivyo, kwa sehemu tunazoita moduli: ya kutuma pesa, ya kulipa bili, ya kuangalia salio. Moduli ya bili haiingii kwa ile ya kutuma pesa kupekua vitu. Ikihitaji kitu inauliza kwa njia tuliyokubaliana, inajibiwa, basi. Ndiyo maana mfumo wa upande wa stima ukichelewa kujibu, inayosubiri ni moduli ya bili peke yake.

Hata daftari la pesa zako haliko kwenye simu, liko kwenye seva zetu. Ukifuta apu, salio lako liko palepale.

Lakini hapa ndipo wengi huumia. Kwa sababu kila sehemu inafanya kazi yake kivyake, pesa inaweza kuwa imeshatoka huku tokeni zikiwa bado njiani. Skrini kukwama si ushahidi kwamba hujalipa. Ukibonyeza "Lipa" tena, hilo ni agizo jipya, na unaweza kukatwa mara mbili.

Kwa hivyo, kabla ya kurudia:

1. Tafuta SMS ya kuthibitisha malipo.
2. Hakuna SMS? Angalia salio na orodha ya miamala yako.
3. Ikiandikwa "Inashughulikiwa", subiri. Usilipe tena.
4. Pesa imetoka na tokeni hazijafika? Tunza nambari ya muamala, kisha wasiliana nasi. PIN yako usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.

Dakika chache gizani ni afadhali kuliko kukatwa 1,000 ulipotaka kulipa 500, na hiyo 500 ya pili ilikuwa nauli ya kesho.