Nimetolewa kifuko cha nyongo, je, nazi ndiyo basi tena?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Tanga. Wiki tatu zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa matundu, nikatolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe. Vidonda vimekauka, ila kila nikila nakimbilia chooni. Siku za mwanzo bega la kulia liliniuma mno hadi nikadhani nimeguswa pabaya. Nyumbani wananiambia nisiguse mafuta wala nazi maisha yangu yote, na mama mkwe anataka kunikanda maji ya moto na kunifunga mkaja. Nitaishi hivi hadi lini? Na mawe hayatarudi?

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na hilo linalokunyima raha ya chakula: huna sababu ya kuacha mafuta na nazi maisha yako yote. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini nimeuona ukiwadhoofisha watu. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kliniki na vidonda vilivyofunga vizuri kabisa, lakini alipoinuka kitini alishika ukingo wa meza kwa kizunguzungu. Tangu atoke hospitali alikuwa anakunywa uji mweupe na chai ya rangi tu. Upasuaji ulikuwa umekwenda salama. Kilichokuwa kinamuumiza ni njaa.

Nyongo inatengenezwa na ini, na ini lako lipo. Kwa siku hutoa kati ya nusu lita na lita moja. Kifuko kilikuwa ghala dogo tu, la mililita 30 hadi 50, la kuihifadhi na kuikoleza nyongo hadi mlo wenye mafuta ufike. Sasa nyongo inachuruzika moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, usiku na mchana, na bado inayavunjavunja mafuta kama zamani. Tofauti ni kwamba haiji kwa wingi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana sahani moja iliyojaa mafuta inakusumbua, wakati mafuta yale yale ukiyagawa kwenye milo minne midogo yanapita bila shida.

Kuharisha nako kunatokana na hapo. Nyongo isiyotumika ikifika utumbo mpana huvuta maji, na choo kinakuwa chepesi. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya wiki au miezi michache, mwili ukishazoea. Kwa sasa kula kidogo kidogo: ugali, wali mweupe, ndizi, viazi, samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, mchicha uliopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Maandazi, sambusa, chipsi, pilipili na kahawa kali viache kwanza. Maharage ya nazi yapikie tui la pili, lile jepesi, na lile zito la kwanza waachie wenzako kwa muda. Kisha rudisha kitu kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku zake, ili ukisumbuliwa ujue kilichokusumbua. Kunywa maji ya kutosha. Ikiwa baada ya mwezi mwingine bado unaharisha, au unapungua uzito, nenda kliniki. Ipo dawa inayoitwa kolestiramini, ambayo huinasa nyongo tumboni. Usiinunue mwenyewe, kwa sababu huzuia dawa nyingine zisifanye kazi vizuri zikimezwa pamoja nayo. Na ukiona damu kwenye choo, usisubiri mwezi.

Lile bega halikuguswa na mtu. Wakati wa upasuaji wa matundu tumbo hujazwa hewa ukaa ili daktari apate nafasi ya kuona. Hewa inayobaki husumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni pamoja na ile ya bega, kwa hiyo maumivu husikika begani. Huisha ndani ya siku chache, na kutembeatembea husaidia. Naamini kila mgonjwa angepaswa kuambiwa hili kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Lingewaondolea wengi hofu.

Sasa mama mkwe, ambaye ningefurahi akisomewa sehemu hii. Anataka kukuhudumia kama mzazi, na moyo huo ni wa kushukuriwa. Lakini maji ya moto hayaharakishi kupona kwa vidonda hivi, na ngozi inayozunguka kovu mara nyingi ina ganzi, kwa hiyo unaweza kuungua bila kujua. Mkaja ukikazwa unakuzuia kuvuta pumzi ndefu, na mapafu yako yanazihitaji sana baada ya dawa ya usingizi. Oga maji ya uvuguvugu, kausha kitovu vizuri, na ukitaka kukohoa bana mto tumboni. Msaada mkubwa atakaokupa mama mkwe ni kukubebea maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na ndani misuli bado inaunga. Subiri hadi wiki ya sita ndipo uibebe. Kutwanga nako kusubiri. Kupika, kufagia na kutembea hadi sokoni ni ruhusa, mradi hupati maumivu. Waliopasuliwa kwa mkato mrefu chini ya mbavu wao huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya kurudi kwenye shughuli zao za kawaida.

Kuhusu mawe, mahali yalipozaliana hapapo tena. Ila mara chache jiwe huwa limeshateleza kwenye mfereji wa nyongo kabla ya upasuaji, au hutokea humo baadaye. Ukiona macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo, homa na kutetemeka, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ikiwezekana pale ulipopasuliwa. Usipitie duka la dawa kwanza. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukiishiwa pumzi.

Ukirudi kliniki, ulizia pia majibu ya kinyama. Kwa kawaida kifuko kikishatolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa, na mara chache sana hukutwa na dalili za saratani ambazo hazikuonekana kabla. Omba nakala, uihifadhi pamoja na karatasi yako ya kuruhusiwa. Siku utakapougua tumbo ukiwa mji mwingine, daktari atakayekupima atahitaji kujua mapema kwamba kifuko kilishatolewa.