VIFUNGO VIDOGO KATIKA PROGRAMU YA TELEFONE: CHIPU NA KAZI YAKE



Wengi kati yetu tunafinya kioo cha telefone kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza vile vitu tunavyofinya vimewekwa namna gani. Katika somo hili tutaangalia kitu kimoja tu, tena kidogo: vile vifungo vifupi vyenye pembe za mviringo, vinavyopangwa kwa mstari juu ya orodha. Watengenezaji wa programu wanaviita chipu. Tutaona chipu ni kitu gani, iko ya aina ngapi, inaongezwa namna gani, na sababu gani chipu iliyowekwa vibaya inaweza kumpotezea mtu mali yake.

1. CHIPU NI NINI?

Tuanze na kifungo kikubwa cha kawaida. Kinaamuru jambo moja: «Tuma», «Lipa», «Weka». Ukikifinya, kazi imeanza. Chipu si vile. Chipu ni kipande kidogo chenye neno moja ao mawili. Mara nyingi iko pamoja na wenzake, na kazi yake ni kumsaidia mtu kuchagua kabla ya kutenda.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme tunataka kutengeneza programu ya bei za samaki wa ziwa Tanganyika. Mama mwenye kuuza samaki Moba anataka kujua kama afadhali auze palepale, ao apakize mzigo katika mashua mpaka Kalemie. Akifungua programu anakuta orodha ndefu: ndagala, mikebuka, kuhe, sangala, kila mmoja na soko lake. Kuisoma yote ni taabu. Basi juu ya orodha tunaweka chipu: moja ya ndagala, moja ya mikebuka, na kadhalika. Anafinya moja, orodha inapungua, anaona anachotaka. Ni vile tu.

2. AINA NNE

Kampuni ya Google ilitoa mwaka 2014 kanuni zake za kupanga sura ya programu, zinazoitwa Material Design. Katika toleo la tatu, lililotoka mwaka 2021, chipu iko ya aina nne:

(a) Chipu ya kuchuja. Inapunguza orodha. Mfano: «Ndagala», «Moba». Jina lake katika programu ni FilterChip.

(b) Chipu ya kuingiza. Inashika neno ambalo mtu mwenyewe ameandika, kama jina la anayetumiwa barua. Mara nyingi ina alama ya msalaba mdogo ya kuliondoa. Jina lake ni InputChip.

(c) Chipu ya kupendekeza. Programu yenyewe inamtolea mtu neno, kama «Asante» ao «Nakuja», asipate taabu ya kuandika. Jina lake ni SuggestionChip.

(d) Chipu ya kusaidia. Inafungua kazi ndogo inayofuatana na yale anayosoma, kama «Weka katika kalenda». Jina lake ni AssistChip.

Tuangalie vizuri: hakuna hata moja ya kulipa ao kutuma feza. Jambo kubwa lipewe kifungo kikubwa, peke yake. Mtu asitume franka zake kwa kugusa kitu alichofikiri ni cha kuchuja tu.

3. INAONGEZWA NAMNA GANI?

Mwenye kutengeneza programu ya telefone ya Android anaweza kuandika kwa lugha ya Kotlin, akitumia vyombo vinavyoitwa Jetpack Compose, ambavyo toleo lao la kwanza kamili lilitoka mwaka 2021. Kazi iko na hatua nne.

Hatua ya kwanza: kuweka kumbukumbu. Programu lazima ikumbuke kama chipu imechaguliwa ao hapana. Ni neno moja tu, ndiyo ao hapana. Mwanzoni tunaandika hapana.

Hatua ya pili: kuita chipu yenyewe kwa jina lake, FilterChip, na kuipa vitu vitatu. Cha kwanza kinaitwa selected: hapo tunaiambia imechaguliwa ao hapana. Cha pili kinaitwa onClick: hapo tunaandika jambo litakalotendeka ikifinywa, maana yake ile ndiyo igeuke hapana, na ile hapana igeuke ndiyo. Cha tatu kinaitwa label: hapo tunaandika neno litakaloonekana, kama «Ndagala».

Hatua ya tatu: kuweka alama ya vema mbele ya neno wakati chipu imechaguliwa. Alama hii haiji yenyewe, tunaiandika sisi. Wengi wanaiacha na kuridhika na rangi tu. Ni vibaya. Katika jua la saa sita rangi haionekani vizuri, na kuna watu ambao macho yao hayatengi rangi fulani.

Hatua ya ine: kuzipanga. Tukiziweka chipu zote katika FlowRow, zile zisizoenea katika mstari wa kwanza zinashuka katika mstari wa pili, kama maneno katika ukurasa. Bila hiyo, katika telefone ndogo chipu za mwisho zinaweza kubanwa ao kukosa fasi, na mwenye kutafuta sangala atawaza hakuna sangala.

4. «AO» NA «TENA»: HAPA NDIPO KUNA MATATA

Sasa tufungue macho, sababu hapa wengi wanaanguka. Tuseme orodha yetu iko na mistari mitano:

A. Ndagala, Moba
B. Ndagala, Kalemie
C. Mikebuka, Moba
D. Mikebuka, Kalemie
E. Kuhe, Moba

Mama anafinya chipu tatu: «Ndagala», «Mikebuka» na «Moba». Anataka nini? Bila shaka anataka ndagala ao mikebuka, tena iwe ya Moba. Jibu la kweli ni A na C.

Lakini mtengenezaji akiandika «tena» pahali pote, programu itatafuta samaki aliye ndagala tena mikebuka kwa mara moja. Samaki wa namna hiyo hayuko ziwani! Orodha inakuwa tupu. Mama anawaza: «Kumbe leo hakuna samaki Moba.» Anaamua mambo yake juu ya uongo wa telefone.

Na mtengenezaji akiandika «ao» pahali pote? Hesabu: ndagala inaleta A na B, mikebuka inaleta C na D, Moba inaleta A, C na E. Mistari yote mitano inabaki, hata kuhe ambayo hakuna aliyeiomba. Chipu tatu zimefinywa, na hakuna kilichochujwa.

Kanuni ni hii: chipu za fungu moja zinaunganishwa kwa «ao», na fungu na fungu yanaunganishwa kwa «tena». Samaki ni fungu moja, soko ni fungu lingine. Ni hesabu ileile ya mafungu tunayofundishwa katika kalasi: kwanza kuunganisha mafungu mawili, kiisha kutafuta sehemu wanapokutana. Waliofikiri hesabu ile haina kazi nje ya mtihani, hii ni kazi yake.

Na kama orodha ni tupu kweli, tusimwachie mtu kioo cheupe. Tuandike wazi: «Hakuna bei iliyoandikwa leo kwa samaki huyu katika soko hili», na kando yake chipu moja: «Ondoa yote». Kukosa habari ya samaki si sawa na kukosa samaki.

5. KIDOLE NA JICHO

Ukubwa wa vitu katika telefone za Android unapimwa kwa kipimo kinachoitwa dp. Dp 160 zinahesabiwa kuwa inchi moja, ndiyo milimita 25,4. Chipu ya kawaida iko na urefu wa dp 32 kwenda juu. Tuhesabu: 25,4 × 32 ÷ 160 = 5,08. Milimita tano tu! Ni kidogo kwa kidole cha mtu mzima. Kwa hiyo kanuni inadai fasi ya kufinya iwe dp 48, ndiyo karibu milimita 8, hata kama chipu yenyewe inaonekana ndogo. Mtengenezaji mwenye kusonganisha chipu juu ya kutafuta uzuri anawafinyisha watu kitu ambacho hawakutaka.

Neno nalo liwe fupi, tena liwe la watu watakaolitumia. Hapa kwetu mtu anasema «ndagala», hasemi jina la wataalamu. Neno lile linamsaidia hata asiyeona, sababu katika Android kuna msomaji aitwaye TalkBack anayesoma chipu kwa sauti, na anasema kama imechaguliwa. Chipu yenye picha tu, bila neno lolote, haina kitu cha kumwambia.

6. SI BEI ZA SAMAKI TU

Wengine watasema: mambo ya kuchuja orodha ni ya mchezo. Tuwakumbushe habari ya Ushahidi. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya kulitokea fujo kubwa. Katika Januari 2008 watu kadhaa, kati yao Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walianzisha Ushahidi: raia walituma habari za mambo waliyoyaona, hata kwa ujumbe mfupi wa telefone, na habari ziliwekwa katika ramani. Mwaka uleule 2008 chombo hicho kilitumiwa pia kwa habari za Kongo ya mashariki.

Wakati ule chipu za leo hazikuwako, lakini shida ilikuwa ileile: habari nyingi katika ramani moja, za aina mbalimbali, na mtu anayetaka kuona aina moja tu. Habari iliyowekwa chini ya aina isiyo yake ni kama imefichwa. Hapo hatuongei tena juu ya faida ya mzigo wa samaki, tunaongea juu ya watu.

7. KAZI YA MKONO

Asiye na kompyuta asiseme somo hili halimhusu. Kata karatasi gumu kwa ukubwa wa kioo cha telefone. Chora chipu zako zenye milimita 5 kwenda juu, na ziachie fasi mpaka zifike milimita 8. Kiisha umpe mtu mkubwa ambaye hajui kazi yako, umwombe: «Nitafutie bei ya ndagala ya Moba.» Usimwonyeshe, usimsaidie. Angalia kidole chake kinaenda wapi. Kikikosa, kosa si lake, ni la mchoro. Ugeuze mchoro, na umpe mtu mwingine.

MASWALI

1. Katika orodha yetu ya mistari mitano, mtu amefinya «Kuhe», «Ndagala» na «Kalemie». Atapaswa kuona mistari gani?
2. Tunataka chipu za «Leo», «Jana» na «Juma hili». Je, mtu aruhusiwe kuchagua moja tu ao nyingi? Eleza sababu.
3. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba chipu imechaguliwa, bila kutegemea rangi.
4. Sababu gani kifungo cha «Lipa» kisifanywe chipu?

Tujibu kwanza kwa karatasi, kila mmoja peke yake, kiisha tulinganishe majibu yetu.