Jaribu Glezi Kwenye Kigae Kabla ya Kuchovya Kikombe

Glezi ni ule utandu wa kioo unaong'aa juu ya kikombe au sahani ya udongo. Hupakwa ikiwa unga uliokorogwa kwa maji, kisha moto wa tanuri huuyeyusha ukashikana na chombo. Ukiitazama ndooni huwezi kujua itatokaje: unga mweusi wa kobalti hutoka buluu, na unga mwekundu wa kutu unaweza kutoka rangi ya asali. Kwa hiyo kila mchanganyiko mpya uanzie kwenye kigae kidogo cha majaribio. Ukikosea, umepoteza kigae. Vyombo vyako vyote vimesalimika.

Je, moto wangu unatosha?

Moto wa kuni na majani uwanjani kwa kawaida hauzidi nyuzijoto 900, tena hupanda na kushuka haraka. Glezi nyingi haziyeyuki vizuri hapo. Ukichoma hivyo, pamba kwa udongo wa rangi na kusugua kwa kokoto laini, kama wafinyanzi wengi wa kwetu wanavyofanya. Hiyo si kazi ya daraja la chini. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hapaki glezi kabisa, na vyungu vyake vimo katika majumba ya makumbusho makubwa, likiwemo British Museum la London.

Ukiwa na tanuri la umeme au gesi, jua kwanza udongo wako unavumilia joto gani. Udongo mwekundu mwingi hulainika na kubonyea ukipita nyuzi 1,150 hivi. Choma kipande kimoja ndani ya kisahani cha udongo ili kikiyeyuka kisiharibu rafu ya tanuri. Kama huna tanuri, uliza studio au chuo cha ufinyanzi kilicho karibu kama unaweza kulipia nafasi kwenye rafu yao. Vigae vya majaribio huchukua nafasi ndogo.

Ninunue nini?

Vitu vinne vinatosha kuanza. Silika, yaani unga wa mawe meupe ya kwatzi, ndiyo inayofanya kioo. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam, huizuia glezi isichuruzike. Feldispa, unga wa mwamba, na unga wa mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa husaidia silika kuyeyuka. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo imeshachomwa na huunguza ngozi.

Bei hutofautiana mji hadi mji, kwa hiyo omba bei ya kilo na uulize kama watakupimia kidogo. Kobalti ni ghali sana, lakini gramu 1 inatosha kutia buluu gramu 100 za glezi. Majivu ya kuni ni bure: yachekeche, na yatasaidia kuyeyusha kama chokaa. Fedha yako iende kwanza kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, chujio laini na barakoa nzuri ya vumbi. Vumbi la silika huharibu mapafu, na mapafu hayo hayaponi. Futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Nianze na mchanganyiko gani?

Kwa udongo unaovumilia nyuzi 1,280, wafinyanzi wengi huanza na hesabu rahisi ya 4-3-2-1: feldispa gramu 40, silika 30, unga wa chokaa 20, kaolini 10. Tia unga kwenye mililita 90 hivi za maji, koroga, chuja. Iwe nzito kama maziwa ya mgando mepesi. Kwa uhakika zaidi, pima mililita 100 za glezi yako: uzito uwe kati ya gramu 140 na 150. Kwa joto la chini zaidi hesabu hii haitayeyuka. Tafuta iliyopangwa kwa joto la tanuri lako.

Kigae kiweje?

Tumia udongo uleule wa vyombo vyako. Kunja kipande kisimame chenyewe, kwa sababu glezi huchuruzika kwenye ukuta wa chombo uliosimama, si kwenye kigae kilicholala. Kichore mistari upande mmoja uone rangi inavyokaa kwenye mistari hiyo. Kikishachomwa mara ya kwanza, kichovye chote isipokuwa sehemu ya chini, kisha chovya tena nusu ya juu. Utaona wembamba na unene kwa pamoja. Andika namba nyuma kwa unga wa kutu uliokorogwa na maji, maana penseli huungua. Tanurini, weka chini ya kigae kipande cha udongo kilichochomwa kipokee matone.

Nibadilishe rangi vipi?

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Gawa glezi yako mafungu mawili: A bila rangi, B yenye kutu gramu 10 kwa kila gramu 100 za unga mkavu, yote yakiwa na uzito uleule wa uji. Sasa changanya kwa kijiko: A nne, A tatu na B moja, mbili kwa mbili, A moja na B tatu, B nne. Una vigae vitano vyenye kutu asilimia 0, 2.5, 5, 7.5 na 10. Choma vyote pamoja, uvipange kwa namba, na utaona rangi ikipanda hatua kwa hatua.

Matokeo nisomeje?

Glezi kavu na ya kukwaruza haikupata joto la kutosha. Iliyojikusanya ikaacha mabaka matupu ilipakwa nene mno, au kigae kilikuwa na vumbi au mafuta. Yenye mtandao wa nyufa nyembamba hunywea kuliko udongo. Ongeza silika gramu 5, ujaribu tena.

Je, ni salama kwa chakula?

Usitumie risasi kabisa, wala glezi ya muuzaji asiyeweza kueleza kilichomo. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Weka kipande cha limau juu ya kigae usiku kucha. Rangi ikififia, glezi hiyo ibaki kwenye vyombo vya maua. Isipofifia, bado si uthibitisho. Ukitaka kuuza vyombo vya mezani, ulizia upimaji wa maabara kwa shirika la viwango, TBS nchini Tanzania au KEBS nchini Kenya, na uombe gharama kabla ya kupeleka sampuli.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika namba, vipimo, unene, joto na mahali kigae kilipokaa tanurini. Glezi ikifaulu, ipake kikombe kimoja, kisha vichache kwenye rafu tofauti. Vyote vikitoka sawa, hapo korogea ndoo.